Nyasolo na Mikuki ya Watani

Kisa.

Nikisema kisa, nyie mnasema kije. Kisa. Mbona sauti hazitoki, au ni yale maboga ya mchana yamewalemea? Kisa. Naam, hivyo ndivyo. Kimekuja, kimeketi, kimenyoosha miguu, na mtu asikifukuze kabla hakijamaliza.

Hapo kale, kale ambayo hata bibi yangu aliikuta imeshapita, milima hii ilikuwa na watu, na mbuga ile ya chini nayo ilikuwa na watu. Watu wa Milimani walilima. Watu wa Mbugani walichunga ng'ombe. Na tangu siku ambayo hakuna anayeikumbuka, hao wawili walikuwa watani.

Mnajua utani? Wewe Holo unaujua sana, maana juzi umemwambia yule kijana wa Mbugani aliyetuletea maziwa kwamba shingo yake imemzidi urefu mwenye shingo. Naye akakujibu maneno ambayo sitayarudia hapa, mkacheka mpaka maziwa yakamwagika. Ndio huo. Mtani anakutukana na hununi. Mtani anaingia kwako, anachukua kofia, anachukua kuku, anachukua hata kigoda ulichokalia, na wewe humnyang'anyi. Unambembeleza, unaikomboa mali yako, mnacheka, mnakula. Kumwinulia mtani mkono ni mwiko. Mtu aliyefanya hivyo hata mama yake mzazi alikuwa akimwekea chakula nje ya mlango.

Sasa katika milima hiyo aliishi mwanamke aitwaye Nyasolo. Mfupi, mweusi wa kung'aa, mdomo wake hauna breki. Akicheka huku, kule bondeni kuku wanatoka chini ya ghala kuangalia kuna nini. Mumewe alikuwa Luhende, mtu mpole, mtu wa maneno machache, lakini neno lake likitoka watu wanaliokota.

Na watu wa Milimani, wanangu, hawakuwa wakilima mmoja mmoja. Walilima kwa ujima. Leo wote kwa huyu, kesho wote kwa yule. Mwenye shamba anapika, anatengeneza togwa, mpiga ngoma anapanda juu ya kichuguu, na majembe yanapanda pamoja, yanashuka pamoja. Mzee aliyekuwa akipiga ngoma aliitwa Kidaha, na walisema ngoma yake ilikuwa inaweza kumlimisha hata mgonjwa. Na pale kwenye ujima jembe linalima, mdomo nao unalima. Nani kaoa, nani kakosana na mkwe, na Mtemi kafanya nini tena.

Maana Mtemi alikuwepo, na alikuwa na mambo. Mtemi Kisindila. Hakuwa wa huku. Babu yake alikuja na jeshi kutoka huko jua linakozama, akaketi kwenye kile kilima chenye visima, akajenga boma, akasema nchi hii ni yangu. Visima vile ndivyo pekee visivyokauka kiangazi. Kwa hiyo kila kiangazi watu wa Mbugani walipeleka ng'ombe wao kunywa pale, na aliyenywesha ng'ombe pale alikuwa mkononi mwa Mtemi. Hapo mmeelewa? Vizuri.

Kisindila alitaka ukuta. Boma la baba yake lilikuwa na uzio wa miti, yeye akataka wa mawe, mrefu, unaoonekana kutoka mbali. Akatoa amri kila mwanaume wa Milimani aende kubeba mawe, na aende wakati wa kulima. Mwaka wa kwanza wakaenda, wakarudi wakalima wamechelewa, wakalala njaa. Mwaka wa pili wakaenda, wakalala njaa. Mwaka wa tatu, siku ya ujima kwenye shamba la Luhende, Luhende mwenyewe akaegemea jembe lake akasema:

"Mwaka huu mimi siendi."

Majembe yakasimama. Kidaha akashusha mikono kwenye ngoma.

"Hata mimi siendi," akasema mwingine.

"Hata mimi."

Wakakubaliana wote, shamba zima, kwa sauti moja, kisha wakaendelea kulima. Nyasolo alikuwa akigawa togwa siku hiyo, na kila aliyesema siendi alimjazia kibuyu mpaka juu. Alikuwa na furaha, jamani. Alikuwa na furaha na hakuona mbali.

Neno likafika boma. Nani alilifikisha mimi sijui, na hata bibi yangu hakujua, na tusianze kunyoosheana vidole leo. Wakaja wapambe wa Mtemi, wale watu wake wa nyumbani, wachache lakini wakali. Wakampiga Kidaha, wakaipasua ngoma. Sikio lake moja liliziba na halikuzibuka tena. Wakawachukua Luhende na wanaume wengine wote waliosimama shambani siku ile, wakawapeleka bomani kubeba mawe, na mlango ukafungwa nyuma yao.

Kisha mpiga mbiu akazunguka vilima vyote. Sikilizeni amri ile, maana ndiyo iliyouma. Hakuna ujima tena. Watu wa nyumba mbili wasionekane kwenye shamba moja, wala wasisimame pamoja njiani. Ngoma isilie. Na shamba ambalo halijalimwa mvua ya kwanza ikinyesha ni shamba la Mtemi, na mwenye shamba hilo, na watoto wake, ni watu wa kazi wa boma.

Umeona ujanja wake? Amechukua wanaume, amewakataza wanawake kusaidiana, halafu anasema asiyelima tunamchukua. Ndiyo, Lugata, ni sawa na kumfunga mtu miguu halafu ukamshindanisha mbio.

Ila Mtemi alihitaji macho. Wapambe wake hawakutosha kulinda kila shamba. Akafikiri nani atawalinda hawa watu wa Milimani? Na hapo ndipo alipofanya kosa ambalo mgeni tu angelifanya. Alikuwa amewahi kupita sokoni, akamsikia mwanamke wa Milimani akimwambia mchungaji, "Wewe hata ng'ombe wako wanakuonea aibu." Na mchungaji akajibu, "Ukifa nitakuja kucheza juu ya kaburi lako, na nitavaa njuga." Mtemi akarudi bomani anasugua mikono. Akawaambia wapambe wake:

"Hawa watu wanachukiana sana. Sijawahi kuona chuki ya namna hii."

Basi akawaita vijana wa Mbugani, akawapa mikuki na kusema, "Mtawalinda wale wa Milimani. Msiongee nao. Mtu wa nyumba nyingine akikanyaga shamba lisilo lake, mchomeni. Asiyetaka kazi hii, ng'ombe wake wasionekane kwenye visima vyangu."

Kilikuwa kiangazi kikali. Vijana wakapokea mikuki.

Kwa hiyo asubuhi moja Nyasolo anafika shambani kwake na jembe begani, mtoto mgongoni, anamkuta mtu amesimama ukingoni. Mrefu, mwembamba, mkuki mkononi, uso umefungwa. Nyasolo alimjua. Alikuwa Shigela, yule mchunga ng'ombe ambaye kila soko walikuwa wakitukanana mpaka watu wanaacha kununua chumvi wanakuja kusikiliza. Sasa Shigela hamtazami. Anatazama mbele kana kwamba Nyasolo ni kisiki.

Nyasolo aliumia. Alisema baadaye kwamba siku walipomchukua Luhende alilia, lakini siku ile Shigela alipokataa kumtukana ndipo alipoona nchi imekwisha.

Akalima. Jua likapanda, akalima. Mtoto akalia, akamnyonyesha, akalima. Kesho yake akalima, kesho kutwa akalima. Shamba la Luhende lilikuwa kubwa, la watu wengi, lilizoea ngoma. Kila jioni aliangalia alipofika, akaangalia palipobaki, na palipobaki hapakupungua. Mikono ikatoka malengelenge, malengelenge yakapasuka. Na huko mashariki mawingu yakaanza kujitokeza mchana, madogo, yakapotea. Akawa anayaogopa. Yeye aliyekuwa akiyapigia vigelegele kila mwaka, sasa anayaogopa.

Ndipo siku moja, jua la utosini, jembe likamponyoka mkononi, naye akafuatana nalo, akaketi chini puu. Akabaki ameketi. Hakuwa na nguvu hata ya kulia.

Kule ukingoni, Shigela, uso bado umeelekea mbele, akasema chinichini:

"Siku hizi Milimani jembe ndilo linalolima kwa mtu."

Nyasolo akageuza shingo polepole.

"Umesema?"

Pembe ya mdomo wa Shigela ilikuwa inacheza. Aliikaza, ikakataa kukaa.

Aa, watoto, kama mngemwona Nyasolo akisimama. Alisimama kama mtu aliyekunywa uji. Akajipangusa vumbi matakoni, akaweka mikono kiunoni, akashusha pumzi. Maneno yaliyokuwa yamemjaa kifuani siku zote zile yakapata mlango.

"Wewe nguzo ya zizi," akaanza. "Wewe umepewa mkuki kwa sababu ng'ombe wamekataa kukupa fimbo. Umesimama hapo tangu mwezi uliopita, hata ndege wamechoka kukuogopa, jana nimemwona mmoja anataka kujenga kiota kichwani kwako, akakuta hakuna kitu ndani cha kushikilia vijiti. Mama yako yuko wapi nimpe pole?"

Shigela akainama, mabega yanatetemeka. Nyasolo akadhani analia. Alikuwa anacheka, machozi yanamtoka.

"Mtani," akasema, "nilidhani hutaniambia kitu milele."

"Wewe ndiye uliyeninyamazia."

"Tumekatazwa kuongea nanyi."

"Na kutukana je, mmekatazwa?"

Shigela akafikiri. Akakubali kwamba hapana, neno kutukana halikutajwa. Akakaa chini kunywa maji ya kibuyu chake, akauegemeza mkuki kwenye kichaka. Alipoinua macho, mkuki uko mkononi kwa Nyasolo.

"Mtani, huo ni wa Mtemi."

"Ulikuwa wa Mtemi. Sasa umepokonywa."

"Nyasolo, watanichinja."

"Ukomboe basi. Nataka kuku."

"Nitatoa wapi kuku hapa porini?"

Nyasolo akazunguka zunguka na mkuki ule begani, anajitia kufikiri. Kisha akalinyanyua jembe kwa mguu, likaruka, akalidaka.

"Kama huna kuku, unalima."

Nawaambia, Shigela hakuwa amewahi kushika jembe. Kwao jembe ni kitu cha kuchekwa. Alilishika kwa ncha za vidole. Akalipiga chini, likadunda. Akapiga tena, likaingia, likakataa kutoka. Tuta lake la kwanza lilianza hapa, likaenda kule, likajuta, likarudi. Nyasolo alicheka mpaka akamshusha mtoto mgongoni asije akamwangusha. Lakini jioni alipoangalia palipobaki, kwa mara ya kwanza palikuwa pamepungua.

Na amri iko wapi? Mtemi alisema watu wa nyumba mbili wasionekane kwenye shamba moja. Mlinzi aliwekwa pale na Mtemi mwenyewe.

Nyasolo hakukaa na jambo hilo tumboni. Kesho yake alipokwenda kuchota maji alimkuta Ng'wale, mwanamke mwenye watoto mapacha na shamba la mteremko. Wakapishana njiani, maana kusimama pamoja kulikatazwa. Wakati wa kupishana Nyasolo akasema, "Mpokonye mkuki, alime." Ng'wale akaenda zake. Njiani akapishana na mwingine. Yule akapishana na mwingine. Neno likatembea milima yote hivyo hivyo, ndoo kwa ndoo, na jua halijazama kila mwanamke alikuwa akimtazama mlinzi wake kwa jicho jipya.

Kesho yake ilikuwa sherehe. Hapa mlinzi anapokonywa mkuki akifunga kiatu, pale mwingine anapokonywa akipiga chafya. Yupo mmoja aliyesimama siku nzima anasubiri apokonywe, hapokonywi, kwa kuwa mwanamke wa shamba lile alikuwa na haya. Mwishowe akauweka mkuki chini mwenyewe, akaenda nyuma ya mti, akakohoa kwa sauti. Vijana walichoka kusimama bure, wanangu. Walichoka kuwatazama watani wao wakiumia na midomo yao imefungwa. Wakalima vibaya, wakalima kwa kulalamika, wakatukanwa kila tuta, wakarudisha matusi kila tuta, na milima ikajaa kelele kama zamani.

Wapambe wa Mtemi walipopita kwenye njia ya juu walisikia kelele zile. Wakaenda kumwambia bwana wao kwamba walinzi wanafanya kazi nzuri sana, wanawatukana watu wa Milimani kutwa nzima. Mtemi akafurahi, akaamuru wachinjiwe mbuzi. Vijana wakamla mbuzi, wakawaletea wanawake miguu yake.

Mikuki ikawa tatizo. Haikukombolewa yote, kwa sababu mwanamke gani atakubali kurudisha mkuki wakati shamba halijaisha? Ikarundikana kwa Nyasolo, nyuma ya ghala, imefunikwa majani. Na ili wapambe wasione kutoka mbali, kila mlinzi akakata bua refu la mtama wa mwaka uliopita, akalishika wima. Kutoka njia ya juu, bua ni mkuki. Shigela alilichonga lake ncha kabisa.

Na msidhani walikuwa wanacheka tu. Walinzi wa boma nao walikuwa watu wa Mbugani. Kwa hiyo maneno ya wanaume waliofungwa yakapata miguu. Jioni moja Shigela akaja anasema, "Mumeo amekonda, lakini alikuwa mbaya hata kabla, hakuna hasara. Anasema msimamo ni ule ule. Anauliza, na nyie?" Nyasolo akajibu, "Mwambie shamba linalimwa. Mwambie hakuna mtu wa Milimani atakayebeba jiwe mwaka huu wala mwaka ujao. Na mwambie nampenda, lakini useme vizuri, usiseme kwa hiyo sauti yako ya ndama." Shigela akaenda akasema. Alikiri baadaye kwamba lile neno la mwisho lilimpa shida, alilisema akiwa ametazama ukuta. Wanaume wakakubaliana kule ndani, wanawake wakakubaliana kule nje, vijana wa Mbugani wakiwa katikati wanabeba maneno, mpaka wao wenyewe wakaanza kuulizana, na sisi je?

Basi mvua ikaja. Ilikuja mchana, na upepo wa vumbi mbele, halafu matone mazito, halafu yote kwa pamoja. Nyasolo alikuwa anamalizia kona ya mwisho. Alipiga jembe, akasimama, akatazama juu, mvua ikamwingia mdomoni. Shamba lote lilikuwa limelimwa. Hakuogopa tena wingu lolote. Akapiga vigelegele, na kutoka kilima cha pili akasikia vigelegele, na kutoka cha tatu.

Ilinyesha usiku kucha. Asubuhi Mtemi Kisindila akashuka mwenyewe, na wapambe wake, na ngoma yake kubwa, kuja kuchukua mashamba. Akaanza na la Luhende, kwa kuwa ndilo aliloapa kulichukua. Watu wakaja kutoka kila kilima kuangalia, na siku hiyo hakuna aliyekumbuka kwamba kusimama pamoja kumekatazwa.

Mtemi akatazama. Matuta mwanzo mpaka mwisho.

"Nani amelima hapa?"

"Ni mimi, Mtemi," akasema Nyasolo. Alisema kila aliposimulia kwamba alicheka sana mwaka ule, lakini asubuhi ile aliogopa.

"Peke yako?"

"Ndimi mwenye shamba."

Mtemi hakuwa mjinga. Akalifuata tuta moja kwa macho likienda huku na kule. "Huyu aliyelima hapa alikuwa amelewa."

"Hapana, sikuwa nimelewa," akasema Shigela, kisha akaziba mdomo wake kwa mkono.

Watu wakaguna. Mtemi akageuka, akamtazama mlinzi wake, akamtazama Nyasolo, na uso wake ukabadilika. Akasema taratibu, "Sogea mbele. Mpige huyo mwanamke. Mpige kwa mkuki, mbele ya watu wote."

Shigela akasogea. Akafika mbele ya Nyasolo, akamtazama. Nyasolo akamtazama. Mvua ilikuwa inawadondokea puani. Na Shigela akafungua mdomo:

"Wewe mfuko wa viazi."

"Wewe mkia usio na ng'ombe."

"Wewe ukisimama na ukiketi ni kimo kile kile."

"Wewe matuta yako nyoka atapotea humo."

Mtemi akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akasubiri pigo. Lakini nyuma yake mtu mmoja akacheka. Alikuwa Mzee Kidaha, kwa sikio lake moja. Akacheka mwingine. Mlinzi mmoja akamtukana Ng'wale, Ng'wale akamrudishia, na kilima kizima kikawaka, wa Milimani na wa Mbugani, kila mmoja na mtani wake, wanatukanana na kushikana mabega, na machozi ya kicheko yanachanganyika na mvua. Mtemi akabaki katikati anageuza kichwa huku na huku. Ndipo alipoelewa kile alichokisikia sokoni.

"Mikuki juu," akapaza sauti.

Walinzi wakanyamaza. Wakainua. Yakapanda mabua ya mtama, yamelowa mvua usiku kucha. La kwanza likapinda taratibu, likakatika katikati. La Shigela, lililochongwa ncha, likainama mpaka ncha ikagusa bega la Mtemi mwenyewe.

"Mikuki yangu iko wapi?"

"Imepokonywa, Mtemi," akasema Shigela. "Na watani. Bado hatujaikomboa."

"Wanyang'anyeni sasa hivi."

"Mtani hanyang'anywi, Mtemi."

"Nitafunga visima. Ng'ombe wenu watakufa mpaka wa mwisho."

Shigela akaangalia chini, pale maji yalipokuwa yamesimama kati ya tuta na tuta. Akaangalia mbuga kule mbali, yote inang'aa maji.

"Vifunge, Mtemi," akasema.

Wapambe walikuwa wachache, na kilima kilikuwa kimejaa. Mtemi akageuka akaondoka, na mpiga ngoma wake akamfuata bila kupiga. Nao watu wakamfuata kwa nyuma, bila mkuki, bila jiwe, wanaimba wimbo wa kulimia, mpaka bomani. Walinzi wa mlango walipowaona, mmoja akaliweka komeo chini akaanza kukohoa kwa sauti. Ng'wale akalipokonya komeo. Wanaume wakatoka.

Luhende alitoka amekonda, mikono imechubuka kwa mawe. Akaenda moja kwa moja mpaka shambani kwake. Akasimama, akalitazama kwa muda mrefu.

"Nani ameniharibia shamba langu?" akauliza.

Wanasema Nyasolo alimrukia shingoni wakaanguka wote wawili kwenye tope, na hakuna aliyejaribu kuwainua.

Mwaka ule mtama ulizaa mpaka ndege wakashiba. Ukuta wa Mtemi ulibaki nusu, na nusu ile ipo hata leo, ndiyo mnayochezea.

Ningeishia hapo kwa furaha, lakini bibi yangu hakuishia hapo, nami sitaishia hapo. Kiangazi kilichofuata Kisindila aliwaleta watu kutoka mbali kwa ahadi ya nyara, watu wa kupigana, wasio na mtani katika nchi hii. Vita vile vilikula miaka. Vilimla Mzee Kidaha, vikamla Ng'wale na pacha wake mmoja, vikawala wengi ambao majina yao tunayataja kila mwaka mbegu zikitoka ghalani. Nyasolo alisema siku ya kwanza walipofika kilimani, alisimama mlangoni kwake, akaweka mikono kiunoni, akawatukana. Aliwatukana vizuri, kwa uwezo wake wote. Akasubiri.

"Hawakucheka," alisema. "Hata mmoja. Nikambeba mtoto nikakimbia."

Alikimbilia Mbugani. Wote walikimbilia Mbugani, na Shigela na wenzake wakawagawana nyumba kwa nyumba, wakawaficha kati ya ng'ombe, wakawalisha maziwa na kuwatukana kila asubuhi kwamba wanakula sana. Miaka yote ile. Hakuna aliyewatoa. Watoto wa Milimani wakakulia zizini, wakaoa huko, wakaolewa huko, na vita vilipokwisha wakarudi huku juu na wake wa Mbugani na waume wa Mbugani. Ndio hao. Ndio waliowazaa waliowazaa nyie. Wewe Holo unayemcheka yule kijana kwa shingo yake, hebu jishike yako.

Sasa mnitazame wote. Katika maisha yenu atakuja mtu mkubwa, atawaonyesha watu fulani na kuwaambia wale wanawachukia. Msimkubalie haraka. Nendeni wenyewe mkawatukane kidogo, muone kama watacheka. Wakicheka, kaeni nao, limeni nao, na mkuki wowote mtakaopewa uwekeni mahali unapoweza kuibwa. Hilo ndilo nililoachiwa, nami nimewaachia.

Kisa changu kimechoka, kimejifunika shuka. Aliyesikia akasimulie, aliyesinzia akaote, na wewe uliye karibu na jiko geuza ule mhogo usiungue.